Mstari wa Shingoni

Picha zilikuwa ishirini na mbili, na Mazoon alizihesabu mara tatu mbele ya babake kabla hajamkabidhi jalada. Kila moja ilikuwa kwenye karatasi nene, kubwa kama sinia, na baina ya moja na nyingine alilaza karatasi laini ili rangi zisisuguane.

"Baba, usiliweke juani. Wala usiliweke kitini, ukishika breki litaanguka. Lisimamishe miguuni."

"Nimeendesha gari la maji miaka thalathini na moja, bibi wee. Tani kumi nyuma yangu na sikumwaga. Leo n'tamwaga karatasi?"

"Na usimwache mtu azishike na vidole vya mafuta."

"Akiwa mkubwa wao katoka kula mishkaki nimwambie akanawe?"

Mazoon akacheka. Harub alikingojea kicheko kile, maana tangu alipofariki mkewe Kaltham, mwaka mmoja na miezi minne, nyumba yao ya Ibra ilikuwa haichekwi ndani yake ila kwa bahati.

Wadha, dadake Harub, aliingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake, bakuli la mkate wa ufuta mkononi. Nyumba zao zilishikana ukuta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndiyo mashetani yenyewe haya yanasafiri?"

"Si mashetani, shangazi. Ni watu wa dunia nyingine."

"Dunia nyingine ni akhera, mwanangu, na huko hakuchorwi mtu." Akalichungulia jalada kwa pembe ya jicho. "Miaka ishirini na sita. Wenzio wanachora hina."

Mazoon akaanza kutafuta viatu vyake. Alikuwa na haraka. Zamu yake kwenye zahanati ya meno ilianza saa mbili, na mwenye zahanati alikwisha mwambia kwamba siku zake za ruhusa zimekwisha, akikosa tena asirudi. Siku hizo za ruhusa zote zilikwenda kwenye picha. Ndiyo sababu jalada lilipelekwa na babake.

Kulikuwa na mashindano ya vitabu vya vijana, hadithi za kubuni za mambo yasiyokuwapo, pamoja na picha zake. Atakayeshinda kitabu chake kitachapishwa, naye atapewa kazi ya miaka miwili Nizwa, kwenye idara mpya ya vitabu, kuandika na kuchora, kwa mshahara. Kwa miaka mitano Mazoon alikuwa akitia hadithi na picha zake mtandaoni, watu wakimpelekea mioyo myekundu kwa maelfu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anakula nini. Mlango wa kweli ulikuwa huu, na ulikuwa mmoja. Picha zenyewe za mkono zilitakiwa Nizwa siku ya Jumapili, mwisho saa nane mchana. Lakini kwanza zipigwe muhuri na kutiwa lakiri na ofisi ya utamaduni ya pale pale mtu anapokaa.

"Muhuri tu, Baba," alisema Mazoon akivaa baibui. "Muhuri na lakiri. Usiongeze neno."

"Niongeze neno gani mie niliyeishia darasa la nne?"

* * *

Ofisi ilikuwa na marumaru na viti vya chuma vilivyoshika baridi ya kiyoyozi. Harub alifika saa tatu. Kijana wa mlangoni alimuuliza kama ameweka miadi kwenye programu. Harub akatoa simu yake ya vibonye, akamwonyesha.

"Hii haina programu, ya walid, baba yangu."

"Programu mnazo nyie. Muhuri je, mnao?"

Watu wawili waliokuwa wakingoja wakacheka. Kijana hakucheka. Akampa namba arubaini na saba. Kwenye ubao ilikuwa inawaka kumi na mbili.

Ndivyo walivyo wenye viti. Hawamwambii mtu aondoke. Wanampa namba.

Saa sita kasorobo aliitwa. Mkuu wa kitengo, Yaqoob, alikuwa mtu wa miaka thalathini na kitu, kanzu inanukia udi, simu kaibana baina ya sikio na bega, anazungumzia matairi. Bila ya kuiondoa simu alilifungua jalada akaanza kugonga muhuri mgongoni mwa kila picha. Moja, mbili, tatu. Harub akawa anamtazama vidole. Havikuwa na mafuta.

Kwenye ya tisa Yaqoob akasimama. Akaigeuza, akaitazama usoni. Naye, kama Harub, alikuwa wa nyumba za watu waliotoka Unguja. Akaacha Kiarabu, akashika Kiswahili chake cha kuungaunga.

"Hii picha zote iko kamili, ami. Macho, pua, shingo. Iko na roho."

"Ni hadithi tu, mwanangu."

"Mimi najua. Lakini lajna ya Nizwa, wale wanaochagua, iko watu wazima. Mashekhe. Hii inaweza rudi."

Harub akasogea mezani. "Irudi kwa nini?"

"Si unajua zamani walifanya?" Yaqoob akapitisha kidole shingoni mwake mwenyewe, kutoka sikio mpaka sikio. Kisha akairudia simu: "La, la, si wewe, endelea. Matairi mangapi?"

"Basi nifanyeje, bwana?"

"Wewe mtu mzima, ami, unajua." Akamalizia kugonga muhuri, akamsukumia jalada. "Rudi saa saba na nusu, baada ya sala, nikutilie lakiri. Nikishatia haifunguliwi mpaka Nizwa."

Lilikuwa neno la kupitia, la mtu aliyechoka kutazama karatasi za wengine. Alilitupa kama mtu anayetema kokwa la tende, hatazami limeanguka wapi.

* * *

Harub alikaa ndani ya gari lake, injini inawaka, jalada miguuni. Alimpigia simu Mazoon. Haikupokewa, kule zahanati simu za wafanyakazi hutiwa kwenye mtoto wa meza mpaka zamu iishe. Alipiga mara moja tu. Baadaye atajiuliza kwa nini hakupiga mara ya pili, na ya tatu, na kwa nini hakuliondoa gari akaenda mwenyewe mpaka pale kwenye meno. Ilikuwa mwendo wa dakika kumi.

Badala yake alikumbuka chuo cha Kurani, Malindi ya Unguja, kabla hawajavuka bahari kuja huku. Ana miaka minane, amechora jogoo ubaoni kwa makaa. Alidhani atachapwa. Maalim Abdulsamad hakumchapa. Aliishika kalamu yake ya ugongo, akampigia jogoo mstari mmoja shingoni, akasema, "Haya, sasa hadai roho. Kaa naye." Mchoro uliokatwa shingo, walifundishwa, si kiumbe tena, na mchoraji wake hatadaiwa autie roho. Na jogoo alikuwa jogoo vilevile, na Harub akaenda naye nyumbani. Kwa hivyo katika fikra za Harub mstari ule haukuwa adhabu. Ulikuwa ruhusa.

Akashuka, akanunua kalamu ya wino mweusi, ile nene isiyofutika. Nyuma ya kiti cha gari palikuwa na rula ya mbao, ya Kaltham, aliyokuwa akipimia vitambaa vya kushona. Tangu afe hakuna aliyeitoa. Harub akaipangusa vumbi kwa kanzu yake.

Alifanya kazi safi. Hilo lisemwe. Alilaza picha moja moja juu ya ubao wa mkate alioutoa nyuma ya gari, akaiweka rula, akavuta mstari mwembamba kadiri alivyoweza, asiguse kidevu, asiguse kifua. Alimpigia mtoto aliyebeba taa. Alimpigia ngamia wa kioo. Akawapigia mafundi waliokuwa wakichimba mwamba wenye rangi ya zambarau, mmoja mmoja, kumi na wanne katika picha moja, na jasho likimtoka ingawa gari lilikuwa na baridi.

Hadithi aliijua, maana Mazoon aliwasomea yeye na mamake kipande kipande, Kaltham akiwa kitandani. Zamani pale Ibra maji ya falaji, mfereji wa kuchimbwa unaonywesha mashamba, usiku yaligawiwa kwa nyota: ikichomoza hii, zamu ya fulani imekwisha, mfereji unafunguliwa kwa mwengine. Katika hadithi ya Mazoon watu wamehama dunia iliyokauka, wamefika dunia nyingine, wamechimba falaji, maji yametoka, lakini nyota za huko si zile. Hakuna anayejua zamu ni ya nani. Watu wanakaribia kuuana. Amebaki mwanamke mmoja tu anayeweza kuisoma mbingu ngeni. Mazoon aliiandika kwa Kiarabu, kwani ndicho kinachochapishwa, lakini mwanamke yule kila alipozungumza alizungumza maneno ya Kaltham, na nyumbani wote watatu walijua.

Alikuwa kwenye picha ya kumi na tisa. Harub alimtambua kwa nyusi. Amekaa kwenye kinywa cha falaji, kidevu kakiinua juu kuzitazama nyota, na shingo yote iko wazi, ndefu, ina mikunjo miwili ya utu uzima ambayo Mazoon aliikumbuka na Harub alikwisha anza kuisahau. Kaltham hakupenda kupigwa picha. Alichoacha ni kitambulisho, na hicho kimefifia.

Harub aliiweka kalamu chini. Saa ya gari ilikuwa saa saba na robo. Akafikiri: nikimwacha huyu, watauliza mbona huyu. Wataurudisha mzigo mzima kwa ajili ya huyu mmoja. Na mtoto atabaki pale kwenye meno mpaka anizike.

Mtu akiulizwa atasema alifanya kwa dini. Lakini Harub hakuuvuta mstari ule kwa kumcha Mungu. Aliuvuta kwa kumcha karani.

"Bismillahi," alisema. "Nisamehe, Kaltham."

Saa saba na nusu Yaqoob alilifunga jalada kwa utepe, akadondosha nta nyekundu, akabandika lakiri. Hakulifungua. Hakutazama. Matairi, inaonyesha, yalikuwa hayajamalizika.

Alasiri Mazoon aliporudi alilikuta jalada juu ya kabati, lakiri inang'aa.

"Hawakukusumbua?"

"Mambo yote sawa. Nimekutengenezea."

"Umenitengenezea nini, Baba?"

"Njia," akasema Harub, na alijiona mtu.

* * *

Jumapili walikwenda wote wawili kwa njia ya Sinaw. Mazoon alimwambia mwenye zahanati anaumwa, na alipokuwa akisema uongo huo kwenye simu alikuwa anacheza na shanga za mtandio wake kama mtoto. Njiani hakusema mengi. Alisema mara moja tu, "Nikipata, Baba, tutapanga Nizwa. Vyumba viwili. Utakuwa unakwenda soko la mbuzi kila Ijumaa kugombana na watu."

"Hata kama sitaki kununua mbuzi?"

"Kugombana tu."

Chumba cha lajna kilikuwa na watu watatu. Harub alimtafuta shekhe kwa macho. Palikuwa na mwanamme mmoja mwenye mtambo wa kuchapa, mwalimu mmoja wa kuchora, na mwanamke wa makamo aliyekaa katikati, Wasan, mwenyekiti wao. Wasan aliinuka akampa Mazoon mkono.

"Wewe ndiye Mazoon? Maandishi yako uliyotanguliza nimeyasoma mara mbili. Nilikuwa nakingojea kitabu chako kuliko vyote. Yalla, tuone huyu bibi wa nyota."

Akaivunja lakiri.

Picha ya kwanza aliitoa kwa mikono miwili. Akaiweka mezani. Akatoa ya pili. Mwalimu wa kuchora akasogeza kiti. Mazoon alikuwa bado anatabasamu, maana alikuwa akitazama nyuso zao na si meza. Kisha akatazama meza.

Hakupiga kelele. Alichukua picha mwenyewe, akawa anazipindua taratibu, ya tano, ya sita, ya saba, kama mtu anayemtafuta wake kati ya maiti wa ajali. Alipofika ya kumi na tisa aliweka kiganja chake juu ya shingo, akakiacha hapo.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza Wasan.

"Mie," akasema Harub. Bado alidhani kuna nafasi ya kusifiwa. "Nimezirekebisha. Nimetumia rula."

"Nani aliyekwambia uzirekebishe, walidi?"

"Bwana Yaqoob, wa Ibra. Kasema kwenye lajna mna mashekhe."

Wasan aliwatazama wenziwe, kisha akapiga simu, akaiweka mezani ili wote wasikie. Sauti ya Yaqoob ilitoka nzima, haina hata mkwaruzo. "Mimi? Wallahi mimi sikumwambia kitu. Mimi nimegonga muhuri na nimetia lakiri. Nina watu arubaini kwa siku, ustadha. Labda mzee kafahamu vibaya."

"Ulipitisha kidole hapa!" Harub akapaza sauti, akijipitishia kidole shingoni, kama kwamba simu ina macho. "Hapa! Ulikuwa unanunua matairi!"

"Matairi gani?" ikasema simu.

Mwalimu wa kuchora akakohoa, akatazama chini. Wasan akakata simu. Akafungua karatasi za kanuni, akazigeuza ziwaelekee. Ukurasa wa nne, mstari wa sita: picha ziwe zimekamilika, zifae kuchapishwa kama zilivyo. Imeandikwa. Wao huandika, kwa sababu wanajua nani hasomi.

"Nilizipiga picha kwa simu," alisema Mazoon. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kabla. Ninazo."

"Za simu hazichapiki kwa ukubwa huu, binti yangu," akasema mwenye mtambo, na alisema kwa huruma.

"Nipeni wiki tatu nichore upya. Wiki mbili."

"Mlango unafungwa leo saa nane," akasema Wasan. "Kanuni si zangu."

"Za nani?" akauliza Harub.

"Za juu."

"Juu wapi?"

Wasan akazikusanya karatasi za kanuni. Harub alitazama juu. Palikuwa na dari, na taa mbili, na moja haiwaki.

* * *

Wakirudi, Sinaw walisimama kutia petroli. Harub alimnunulia chai ya maziwa na chapati, akaviweka mbele yake, chai ikapoa, ikafanya ngozi. Alikuwa amefikiri njia nzima.

"Mama," akamwita hivyo, kwa jina alilokuwa akimwita alipokuwa mdogo. "Ule mstari. Si unaweza kuufanya mkufu? Ukautia dhahabu kidogo. Ukapeleka mashindano mengine."

Mazoon aligeuza uso. Kwa mara ya kwanza tangu Nizwa alimtazama.

"Na ngamia naye avae mkufu, Baba? Na mafundi kumi na wanne, wanaume, wamo shimoni, wote wamevaa mkufu?"

Harub akaitoa ile ngozi ya chai kwa kijiko.

"Mama, kwenye picha, ulimjua?" akauliza Mazoon.

Angeweza kusema hakumjua. Ni gizani mule, picha ni nyingi, macho ya uzee. Uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Nilimjua."

"Ukapiga."

"Nikapiga."

Mazoon akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea chenji na kuiona iko sawa.

* * *

Mwenye zahanati hakumfukuza. Alimkata mshahara wa siku tatu na akamhamishia zamu ya jioni. Wadha alikuja na bakuli lake, na safari hii alikuja na huruma, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kejeli.

"Huenda kheri yake ilikuwa hapo. Mungu kamwepushia."

"Si Mungu, Wadha," akasema Harub. "Usimsingizie."

Akaenda kule ofisini mara mbili kumtafuta Yaqoob. Mara ya kwanza alipewa namba. Mara ya pili aliambiwa Yaqoob amepandishwa cheo, amehamia Sur, na kama ana malalamiko ayaweke kwenye programu.

Mshindi akatangazwa, kijana wa Jalan, kwa hadithi ya mashine za kuvuna tende. Mazoon aliisoma habari kwenye simu yake akaizima. Harub alinunua karatasi nene na sanduku la rangi, la ghali kuliko lote dukani, akaviweka mezani ukumbini. Siku zikapita. Vilikaa pale ndani ya nailoni yake, vikawa vinapanguswa vumbi pamoja na meza.

Ijumaa moja baada ya chakula, Harub hakuweza tena.

"Mama, n'na ombi. Sitakuomba jingine." Alikuwa ameshika kile kitambulisho cha Kaltham, kilichobaki na paji la uso na kivuli. "Nichoree mamako. Mmoja tu. Si wa kitabu. Wa hapa."

Alitegemea atakataliwa. Mazoon akapasua nailoni, akatoa karatasi moja, akakaa. Kitambulisho hakukihitaji. Mkono wake ulikwenda bila ya kusita, na Harub aliyesimama nyuma yake aliona nyusi zinatoka, kisha kidevu kinainuka, kisha shingo, na mikunjo yake miwili. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Kaltham alikuwa pale, anatazama juu, hajafa wala hajaumwa. Harub alisahau kufuta macho.

Ndivyo mkono wake ulivyokuwa. Watu wenye mkono kama ule wanatiwa kwenye meza ya kupokea wenye maumivu ya meno, na wenye kutema maneno wanapandishwa vyeo.

"Subhanallah," alinong'ona. "Subhanallah. Ni yeye."

Mazoon aliinuka. Akaenda kwenye kabati, akafungua mtoto wa chini, akarudi na vitu viwili: rula ya mbao ya mamake na kalamu nene ya wino mweusi. Alikuwa amevitoa garini akavihifadhi. Akaivua kalamu kifuniko, akaviweka juu ya meza, karibu na mkono wa babake.

"Haya, Baba," akasema. "Malizia."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira Harub angejua la kujibu. Alisema kama mtu anayeuliza kweli kweli, mtu ambaye hajui tena kazi yake inaishia wapi. Kisha akaingia chumbani kubadilisha nguo, maana zamu ya jioni ilikuwa inakaribia, na kutoka huko Harub akasikia mlango wa kabati, na bomba, na viatu.

Alibaki amesimama. Kalamu ilikuwa haina kifuniko. Akakitafuta mezani, akakikuta kimeingia chini ya karatasi, akaivisha kalamu, akakikaza kwa vidole viwili, halafu akakikaza tena.